Sweta la Makete, magauni ya satini na supu moja: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi mshonaji

Matokeo ya muhula wa pili yalitoka mwezi wa nane. Binti wa dada yangu alikuwa mwaka wa pili, anasoma uhasibu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na kwenye orodha ile jina lake lilikuwa na supu moja, yaani mtihani wa kurudia somo alilofeli. Jioni hiyo hiyo alikuja kwangu Kimara, akaniamkia, akaweka mkoba mezani na kumwaga vilivyomo: mgongo wa sweta la kijani ulioishia kwapani, sindano zikiwa bado zimo, vipande viwili vya satini ya zambarau, na vitambaa vya kochi vitano vya kroshia, viwili havijamalizwa.

"Ma'mdogo, chukua vyote. Mimi na uzi basi."

Mama yake, aliyeko Makete mkoani Njombe, alikuwa ameshatoa hukumu kwa simu: kazi za mikono zimemla mtoto, aziache mpaka amalize shahada. Nilimwelewa dada. Ada haiokotwi njiani, na bumu, ile fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, halifiki mwisho wa muhula hata kwa anayelihesabu senti kwa senti. Lakini mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa ishirini na mbili. Gauni likimbana mteja simwambii aache kuvaa magauni. Nalifumua nione limekosewa wapi. Nilimwomba dada wiki mbili, nikakaa na binti, tukaufumua muhula wake mshono kwa mshono. Tulichokikuta kilinishangaza hata mimi, na ndicho ninachokiandika hapa kwa ajili ya wanafunzi wote wenye uzi kwenye begi la madaftari.

Muhula wenyewe ulikuwa na wiki 15 za masomo, kisha wiki mbili za UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Kulikuwa na majaribio mawili, wiki ya 7 na wiki ya 12. Juu ya hapo alikuwa na kazi nne za uzi. Ya kwanza ni sweta la baba yake, lifike Makete kabla ya baridi ya Juni na Julai, wakati ambapo kule juu Kitulo asubuhi umande unaganda kwenye nyasi. Ya pili, magauni manne ya satini, sare ya sendofu, sherehe ya kumuaga rafiki yao anayeolewa, ufundi shilingi 25,000 kila gauni, na nusu alikuwa ameshaipokea. Ya tatu, seti ya vitambaa vya kochi, vipande 24, oda ya mama mwenye duka karibu na hosteli. Ya nne ni sketi yake mwenyewe, ambayo haikufika popote.

Nilianza na sweta, kwa kuwa ndilo lililomliza zaidi. Nilimuuliza: hili sweta lina saa ngapi ndani yake? Hakuwa na jibu. Alikuwa amejiambia tu kwamba atalimaliza likizo ya Pasaka. Basi tukachukua karatasi.

Shemeji ana kifua cha sentimita 96. Sweta la kuvalia juu ya shati linataka nafasi, tukaweka 104, yaani mgongo sentimita 52 na mbele 52. Lebo ya uzi wake wa akriliki ilisema vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, kwa sindano za milimita 4. Mgongo basi ni vitanzi 104. Urefu wa sentimita 66, kwa mistari 28 kila sentimita 10, ni kama mistari 185. Zidisha: mgongo peke yake una vitanzi zaidi ya 19,000. Mbele ni karibu hivyo hivyo, inapungua kidogo shingoni. Mikono, kila mmoja kama 10,000. Jumla inakaribia 58,000. Nikamshikia saa akifuma mistari ya kawaida isiyo na kupunguza wala kuongeza, akatoa vitanzi 20 kwa dakika. Hiyo ni saa 48, kabla hujaunga vipande, hujafuma ukosi, hujaficha ncha za uzi.

Alikaa kimya akiitazama ile namba. "Likizo ya Pasaka ilikuwa siku saba," akasema.

Na saa 48 ni pale ambapo kila kitanzi kimefumwa mara moja. Yeye alikuwa amefuma sentimita 30 za mgongo, akapima, akakuta upana ni sentimita 47 badala ya 52. Mkono wake unabana uzi. Sindano zile zile ambazo lebo inaziahidi vitanzi 20, kwake zinatoa 22. Mbele na nyuma zikiungana, sweta lingekuwa na kama sentimita 94, dogo kuliko kifua cha mvaaji. Akafumua lote, akahamia sindano za milimita 4.5 na kuanza upya. Tulipiga hesabu ya alichofumua: vitanzi kama 8,700, zaidi ya saa saba. Kipande cha majaribio cha vitanzi 24 kwa mistari 30 kingemchukua dakika 36. Alikiruka kwa sababu hakuwa na muda. Sisemi haya kwa kumsimanga. Hata mimi nilipokuwa nikijifunza niliona kile kipande kidogo kama uzi wa kutupa, mpaka nilipofumua koti la mtoto wa jirani usiku wa kuamkia ubatizo.

Kisha satini. Hapa pana funzo la ufundi na la muda kwa pamoja, na naomba msomaji avumilie nilieleze kwa urefu.

Alikata magauni wiki ya 11, usiku wa saa sita, sakafuni, kwenye upenyo kati ya vitanda vya hosteli. Wenzake watatu wamelala, taa ni ya simu. Mbele ya gauni lile ilikuwa ya vipande viwili, kulia na kushoto. Kwa kawaida unakunja kitambaa mara mbili, unaweka karatasi la kipimo juu, unakata vipande viwili kwa mpigo mmoja, na vyenyewe vinatoka kimoja cha kulia, kingine cha kushoto. Upenyo ule haukutosha kutandaza kitambaa kilichokunjwa, hivyo akakata kipande kimoja kimoja. Na alipofika kwenye kile cha pili hakuligeuza karatasi. Akapata kushoto mbili. Akarudia kosa hilo kwenye gauni la pili.

Kingekuwa kitenge cha nta, asingepoteza kitu. Kitenge kizuri rangi yake inapenya pande zote mbili, unakigeuza tu na mteja hajui. Satini ina uso na mgongo. Uso unang'aa, mgongo umefifia, na ukigeuza kipande kimoja gauni linaonekana limeshonwa kwa vitambaa viwili tofauti. Kesho yake ikabidi aende Kariakoo. Jora la zambarau alilonunua mwanzo lilikuwa limekwisha. Jipya lilikuwa la zambarau iliyopauka kidogo, akalazimika kukata upya vipande vyote viwili vya mbele vya kila gauni lililoharibika, ili tofauti ya rangi iangukie kwenye mshono wa pembeni, ambako jicho haliendi sana. Alirudi saa kumi jioni. Siku hiyo darasani walikuwa wakirudia mgawanyo wa gharama, na jaribio la pili lilikuwa wiki iliyofuata.

Somo lenye supu ni hilo hilo. Chuoni kwao kazi za muhula zina alama 40 na UE 60. Alipata 14 na 23, jumla 37, wakati ya kufaulu ni 40. Alama tatu. Magauni yalipelekwa asubuhi ya sendofu yenyewe, mawili pindo zake zikiwa bado za bandi, mshono wa kushikizia kwa muda.

Ukiishia hapo, dada yuko sahihi: uzi ndio uliomfelisha. Mimi sikutaka kuishia hapo. Nilimwambia binti afungue simu, tusome meseji za kundi lao, picha alizopiga zenye tarehe, ratiba ya vipindi, na tujaze daftari: kila wiki, kazi ipi aliifanya, saa ngapi za siku. Ilituchukua jioni tatu. Tulipojumlisha, uzi ulikuwa umemchukua kama saa 9 kwa wiki. Kuna wanafunzi wa kwaya wanaotumia zaidi ya hapo kwenye mazoezi, na wanafaulu.

Kilichoonekana kwenye daftari ni kitu kingine. Sweta, kazi nyepesi isiyotaka akili nyingi, alilifuma kati ya saa moja na saa nne usiku, pale anapokuwa ameoga, amekula, kichwa kimetulia. Ndizo saa zake bora za kusoma. Kwa nini? Kwa sababu sweta linapendeza, linatuliza, na daftari la gharama linatisha. Kukata satini, kazi inayotaka meza, mwanga na akili nzima, alikusukumia usiku wa manane. Na kwenye basi, foleni na zile saa za kumsubiri mhadhiri ambaye hakuja, mikono yake ilikuwa mitupu kabisa. Kila kazi ilikuwa imekaa kwenye kiti cha mwenzake.

Hapo nilimkumbuka mama yetu, bibi yake binti. Alikuwa mwanamke wa Rufiji, msusi wa mikeka. Mkeka mzima haubebeki, lakini mkeka hausukwi mzima. Unasuka ukili, ule utepe mrefu mwembamba, na ukili unakwenda nao popote. Mama alisuka ukili akienda kisimani, akikaa msibani, akisubiri maharage yaive, akizungumza na sisi bila kuutazama mkono. Ukirefuka anauviringa, anauweka juu ya dari. Akishaupima kwa pima na kuona unatosha, anachagua siku, anafagia uwanja, anakaa chini ya mwembe tangu asubuhi, anashona ukili kwa ukili mpaka mkeka unatoka. Siku hiyo hapiki. Sisi watoto tulijua kwamba siku ya kushona mkeka, ugali utapikwa na shangazi.

Nilimsimulia binti. Akafikiri kidogo, kisha akasema jambo ambalo mimi nisingelisema, kwa sababu sikusoma uhasibu.

"Ma'mdogo, cherehani ina gharama isiyobadilika."

Akanieleza. Kabla ya mshono wa kwanza kuna kutoa cherehani, kutia uzi, kujaza bobini, kupasha pasi, kutandaza, kutafuta chaki na futi kamba. Ushone dakika kumi au saa tano, hayo yako pale pale. Tulipima: dakika 35. Kwenye kipenyo cha dakika 20 kati ya vipindi, cherehani inakudai hata kabla hujaanza. Kufuma kunadai kama dakika moja, unatoa kazi mkobani, unaitazama, unaendelea. Kwa hiyo vipenyo vifupi ni vya kufuma, na kushona kunataka kitalu kirefu cha muda, kirefu kiasi kwamba zile dakika 35 zinagawanyika juu ya magauni mengi. Alikuwa anaongea haraka, mikono inachora hewani, na mimi nikatambua kwamba alichokuwa ananifundisha ndiyo ile mada aliyoikosa siku ya Kariakoo. Mwezi wa tisa alifanya supu, akafaulu.

Mwaka wa tatu ulipoanza, mwezi wa kumi na moja, tuliupanga hivi. Mkobani inakaa kazi moja tu, na lazima iwe katika hali ya ukili: mistari mirefu isiyo na kupunguza, isiyo na mchoro wa kuhesabu. Sehemu za kwapani na shingoni, zenye kupunguza vitanzi, zinabaki kwangu na zinafanywa mezani. Anapanda mwendokasi Kimara Mwisho kwenda Posta. Asubuhi akikubali kuliacha basi moja lipite, anapata kiti kwenye linalofuata, na kwa kiti ana kama dakika 45. Jioni anasimama, hafumi. Zile sindano mbili ndefu za chuma tuliziacha nyumbani, kwa sababu kwenye basi lililojaa kiwiko chako kinamchoma jirani. Nilimpa sindano za mviringo, zile fupi mbili zilizounganishwa kwa waya laini, ambazo kazi yote inakaa mapajani na kitanzi hakidondoki ovyo.

Kanuni niliyomsisitizia zaidi ni ya kituo. Usiache kufuma katikati ya mstari. Basi likikaribia Posta, mstari mpya hauanzwi. Mwanzoni alikuwa akiacha popote, na akirudi haikumbuki njia, anafuma kurudi alikotoka, kunabaki tundu. Au kitanzi kinachomoka na kushuka kama ngazi mistari kumi chini, na dakika 20 zote zinakwisha katika kukipandisha kwa kulabu ya kroshia. Sasa anafunga kiuzi chekundu kila mstari wa 20. Hahitaji kukumbuka alifika wapi, anavihesabu viuzi kwa kidole.

Cherehani inakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, kwangu. Mimi natumia ya miguu, umeme ukikatika haituhusu. Jumamosi ya kwanza anakata tu. Meza yangu ina urefu wa mita mbili na nusu, dirisha liko upande wa kushoto, na hakuna mkasi unaogusa kitambaa baada ya magharibi. Jumamosi ya pili anashona mwanzo mwisho na kwenda kupiga ovaloki kwa jirani. Pindo, vifungo na kulabu za kushona kwa mkono zinaingia mkobani, zinamaliziwa kwenye vipenyo. Gauni basi linakuwa limegawanyika kama mkeka: sehemu ya uwanjani na sehemu ya njiani.

Saa za usiku, saa moja mpaka saa nne, zilirudishwa kwa daftari. Hilo halikuwa rahisi. Wiki za kwanza alinipigia simu akisema mikono inamwasha, hajui akae vipi bila uzi. Tukapata njia ya kati ambayo ni yake mwenyewe. Anajirekodi kwenye simu akisoma maelezo ya somo, sheria ya kodi kwa mfano, kisha anasikiliza sauti yake huku akifuma mistari mirefu. Anasema kwa masomo ya kukariri inamsaidia, maneno yanatulia. Kwa masomo ya kukokotoa haifai hata kidogo, kwani anapopoteza namba anapoteza na kitanzi. Darasani hafumi. Alijaribu mara moja kwenye ukumbi mkubwa, mhadhiri akamsimamisha. Nilipoambiwa sikumtetea. Mkono unaofuma hauandiki, na anayefundisha mbele anastahili kutazamwa.

Kulikuwa na jambo la oda. Siku ratiba ya muhula ilipobandikwa alikuja nayo, tukahesabu kurudi nyuma kutoka wiki ya UE. Oda yoyote ya kukabidhiwa baada ya wiki ya 10 haipokelewi. Ni rahisi kuandika. Ni kazi kusema mdomoni, hasa kwa dada wa mwaka wa nne aliyekulipia nauli siku ulipopotea Posta ukiwa mgeni. Huyo ndiye aliyekuja na vitambaa vya sare za watu sita, wiki ya 13. Nilikuwepo. Binti alimpokea, akampa kiti, akamwandalia chai, kisha akasema: "Dada yangu, ukinipa hizi nitakuharibia shughuli. Nilishamharibia mwenzako mwaka jana, nikamshonea kwa bandi. Nakupeleka kwa Ma'mdogo, bei ile ile." Yule dada alinuna. Alinuna kama siku tatu. Kazi niliifanya mimi na wanafunzi wangu wawili, na ufundi wote ukaja kwetu, shilingi 150,000 ambazo binti alizihitaji sana. Nawaambia hili wazi kwa sababu wengi wanaoeleza namna ya kupanga muda hawasemi kwamba kupanga kunagharimu fedha. Nilimwona usiku ule akihesabu sarafu za nauli ya wiki juu ya kitanda.

Dada, kule Makete, hakuridhika kirahisi. Aliniuliza swali ambalo bado nalibeba. "Umemjazia basi, umemjazia foleni, umemjazia saa ya kusubiri. Mwanangu anapumzika saa ngapi?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimtazama binti kwa wiki mbili kwa jicho la swali hilo, nikaona kweli: alianza kuona aibu kukaa bure. Hata kwangu akikaa kunywa chai alikuwa anautafuta mkoba kwa mguu chini ya meza. Na kidole gumba cha kulia kilikuwa kinamuuma asubuhi. Tukapunguza. Vipenyo vyote vya wiki tulivyovihesabu vilikuwa karibu saa 7. Tukakubaliana uzi uchukue 4, zilizobaki ziwe za kulala dirishani, kupiga soga, kuangalia watu. Kila nusu saa anaweka sindano chini, anakunjua vidole. Jumapili mchana mkoba unaning'inia kwenye msumari. Kama kuna kitu kimoja ningebadilisha katika ushauri wangu wa mwanzo, ni hicho. Mama yetu alisuka ukili njiani, lakini pia namkumbuka amekaa barazani saa ya alasiri, mikono juu ya magoti, anatazama tu barabara.

Kwa saa 4 kwa wiki hesabu ilikuwa hivi. Mgongo hadi kwapani ulikuwa umeshakula saa kama 10, zimebaki 38. Alisimamisha kila kitu wiki mbili kabla ya UE na wiki zote za UE, kisha akaendelea likizoni. Sweta lilikamilika mwezi wa nne. Matokeo ya muhula wa kwanza yalikuwa yameshatoka, hakuna supu.

Tuliliunga wote wawili Jumamosi moja mezani kwangu, na hapo ndipo tukaona mkono wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita moja na nusu. Mistari ni ile ile, tulihesabu viuzi vyekundu mara mbili. Nikamuuliza mkono huu aliufuma lini. Ulikuwa wa wiki ya jaribio la pili. Ukiuweka kwenye mwanga unaona kabisa: vitanzi vya sehemu ya katikati vimekazwa, vidogo, vimebanana. Ndiyo siku zile alipokuwa kwenye basi anafuma huku anarudia fomula moyoni. Alitaka kuufumua. Nilimwambia alale kwanza, aamue asubuhi. Asubuhi aliulowesha maji, akauvuta taratibu, akauacha ukauke ubaoni. Akriliki haikubali kuvutwa kama sufi ya kondoo, ukarudi sentimita nusu tu. Akaupokea hivyo.

Tulilituma kwa basi la Njombe, likafika Makete baada ya siku tatu. Shemeji si mtu wa maneno mengi. Alipiga simu akasema limemkaa, linamshika mgongoni vizuri, na kwamba mikono ameikunja kidogo kama anavyokunja ya masweta yote, kwa sababu ya kunawa. Binti aliniangalia, akacheka, machozi yakamtoka.

Dada akachukua simu. "Na mimi langu?" akauliza.

Binti akamjibu kwamba litaanza mwezi wa nane, akishamaliza chuo, na tayari amefuma kipande cha majaribio.

Juzi amepita kwangu kuchukua uzi mweupe. Mkobani alikuwa na vitambaa vya kochi 17, vimepangwa na kufungwa kwa utepe. Mama mwenye duka anasubiri 24, amekubali kuongezewa muda. UE ya mwisho inaanza baada ya wiki tano.